Mguu Wangu na Rungu la Afande Odhiambo

Ile Jumapili naiona vizuri kuliko ninavyoiona jana, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, kidato cha nne, beki wa timu ya magongo ya shule ya wasichana kule kwetu Nyamira. Tulikuwa tumefika mahali ambapo shule yetu haikuwahi kufika: mechi ya mwisho ya mchujo, ambayo mshindi wake angekwenda mashindano ya mkoa. Tuliicheza Kisii mjini, kwenye uwanja mmoja chini ya kilima cha Nyanchwa. Ilipangwa Jumapili kwa sababu zaidi ya nusu yetu tulikuwa Wasabato, na kocha wetu, Mwalimu Teresia, alikuwa amewaambia waandaaji bila kupepesa macho kwamba wakitaka kutuona Jumamosi, waje kanisani.

Ninyi vijana mnajua kandanda tu, kwa hiyo acha nieleze kidogo. Kwenye magongo, kila mchezaji ana gongo lililopinda mwishoni, na mpira ni mdogo, mgumu kama jiwe. Unaupiga kwa gongo. Ukiugusa kwa mguu umekosa, isipokuwa wewe ni kipa. Hilo ndilo lililoniponza.

Timu yetu haikuwa na vitu. Magongo ya dukani yalikuwa sita. Mengine alituchongea ndugu yangu Nyakundi kwa mti wa mpera. Nyakundi alinipita miaka miwili na alikuwa akijifunza kuchonga mawe ya sabuni, yale mawe laini ya vinyago, kule Tabaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na akili kuliko kichwa changu. Kipa wetu, Moraa, alivaa kinga za miguu zilizoshonwa na mama yake kutoka kwenye godoro kuukuu. Mvua ikinyesha zilinyonya maji, akawa anatembea kama mtu aliyevuka mto na nguo zake. Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa mteremko mtupu. Mpira ukikupita unaufuata hadi kwenye chai ya jirani, na jirani naye hakupenda kuona wasichana ishirini wakikanyaga chai yake. Lakini tulifika, mwanangu. Tuliwafunga watu waliokuja na basi la shule na viatu vya kufanana.

Siku yenyewe, zikiwa zimebaki dakika mbili, tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Wenzetu wakashuka upande wetu wa kulia. Moraa akatoka, akazuia wa kwanza, akaanguka. Mpira ukarudi kwa msichana wao mrefu, naye akaupiga kuelekea lango lililo wazi. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya mstari. Gongo langu lilikuwa upande wa kushoto. Mpira ulikuja kulia.

Nikaweka mguu.

Mwamuzi, mzee mmoja mfupi mwenye mvi, akapiga filimbi na kuonyesha kwa kidole: pigo la adhabu, mpigaji na kipa peke yao. Wakafunga. Dakika mbili zikaisha. Nikakaa chini pale pale kwenye mstari, nikafunika uso kwa jezi.

Yaliyofuata niliyaona kupitia kitambaa cha jezi na machozi. Watu wetu waliokuja kutushangilia walianza kupiga kelele kwamba tumeibiwa. Wakaanza kuteremka kutoka ukingoni, wengi, wakimwelekea yule mwamuzi aliyekuwa peke yake katikati ya uwanja. Waandaaji walikuwa wameomba askari, wakaletewa mmoja: Konstebo Odhiambo, kijana mrefu, Mjaluo, mtu wa ziwani, mgeni mjini. Akakimbia akasimama kati ya mwamuzi na watu, rungu mkononi.

Ndipo Nyakundi alipotoka kwenye lile kundi akikimbia kuliko wote. Alikuwa amenishikia gongo langu la akiba mchezo wote, na alikimbia nalo likiwa juu ya bega. Alikuwa anakuja kwangu. Aliniona nimekaa chini akadhani nimeumia. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya mwamuzi, na kutoka alikotoka, njia ya kuja kwangu ilipita alipo mwamuzi.

Odhiambo aligeuka, akamwona, akapiga. Mara moja, kwenye mkono wa kulia. Mlio niliousikia sitaki kuueleza.

Gongo lilianguka. Watu wote wakaanza kurudi nyuma. Odhiambo akabaki amesimama akimwangalia ndugu yangu aliyelala kwenye vumbi. Hakumpiga tena. Hakuinama pia. Ni Mwalimu Teresia aliyekuja kumfunga mkono kwa leso yake, na tukampeleka hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alisema utaunga, ila hakutaka kusema kama vidole vitarudi kushika patasi.

Sasa nikwambie ninachokionea aibu mpaka leo.

Lile gongo nililiokota. Nikalifunga ndani ya sweta, nikafika nalo nyumbani na kulificha chini ya kitanda. Walioniuliza jioni ile niliwaambia Nyakundi alikuwa mikono mitupu. Kesho yake nikasema askari alimpiga mara tatu. Siku ya tatu nikasema alicheka. Hakuna aliyenituma, mwanangu. Kila nikisema, mtu ananisikitikia, na mimi nilikuwa na njaa ya kusikitikiwa, kwa sababu ya jambo lingine lililokuwa likiendelea.

Jambo lenyewe ni hili. Pale kituoni tulipokuwa tukipeleka majani ya chai, watu walikuwa wamenipa jina: Mguu. Mzee Ombati, jirani yetu aliyependa utani, ndiye aliyelianzisha. Nikifika na kikapu, mtu anauliza, "Mguu ameamkaje leo?" Wengine wakasema nilinunuliwa na ile shule nyingine. Mama mmoja alimwambia mamangu usoni kwamba msichana mwenye akili hawezi kuweka mguu mahali ambapo hata mtoto anajua hapawekwi mguu. Nililia mpaka nikachoka. Na kila nilipomaliza kulia nilikuwa na jambo jipya la kusema juu ya Odhiambo. Watu walilipokea vizuri sana. Si mmoja wetu. Mtu wa ziwani. Hata niliyoyasema nusu, wao walinikamilishia.

Siku ya nne ikaja habari kwamba mkubwa wa yule askari anataka waliokuwepo waende kuandikisha taarifa. Ilisemwa kwamba Odhiambo anaweza kuvuliwa sare. Babangu, ambaye sisi twamwita Tata, akaniambia nijitayarishe, tutakwenda Ijumaa.

Siku hiyo hiyo alasiri, Mwalimu Teresia alinikuta shambani nikichuma chai. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, asiyependa kupaza sauti. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alivua viatu vyake vya shule, akaingia mstari wa pili, akaanza kuchuma akitupa majani kwenye kikapu changu. Tulikwenda hivyo kitambo.

"Kemunto," akasema, "ile siku uliamua saa ngapi kuweka mguu?"

"Sikuamua, Mwalimu. Mguu ulienda wenyewe."

"Na watu wanasema nini?"

"Wanasema niliuza mechi."

"Wewe ungetaka waseme nini?"

Nikakasirika. Nikamwambia, "Ningetaka wasimame pale! Kipa ameanguka, mpira unakuja, hujui kama ni kulia au kushoto. Wasimame wao tuone."

Akachuma machipukizi kama matatu hivi kabla ya kujibu. "Na yule askari alikuwa amesimama wapi?"

Nikatafuta jibu huku mkono ukiendelea kuchuma. Kisha nikalipata, na nilidhani ni zuri. "Mwalimu, mguu wangu haukuvunja mkono wa mtu. Nyakundi hawezi kushika kijiko. Hayo si sawa."

"Si sawa," akasema. "Hapo umesema kweli. Mwenye rungu ana deni la kujieleza kuliko mwenye gongo, na lazima aulizwe, na ajibu. Sikuja kukwambia umfunike." Akaacha kuchuma, akanitazama. "Nimekuja kukwambia usimwongezee. Nilikuwepo, Kemunto. Nililiona lile gongo. Kama umeona makosa yake, yaseme yote. Lakini ukitia la kwako hata moja, hutakuwa unamtafutia ndugu yako haki. Utakuwa unafanya kile Ombati anachokufanyia wewe."

Akavaa viatu vyake akaenda. Sikufurahi, usidhani. Nilimchukia jioni nzima. Nilisema moyoni kwamba ni rahisi kwake, mkono uliovunjika si wa kwao.

Kesho yake, siku ya kupima chai, nilifika kituoni nikakuta timu nzima imekuja na sare za michezo. Mwalimu Teresia aliwapanga kando ya mizani, Moraa na zile kinga zake za godoro. Watu walikuwa wamejaa na vikapu vyao. Akaomba dakika chache, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa watoto wao karibu wote, hakuna aliyemkatalia.

"Nimesikia mnazungumza juu ya mechi," akasema. "Nimewaletea waliocheza, ili mzungumze nao wakiwepo."

Watu wakatazama vikapu vyao.

Basi akaanza kutuita mmoja mmoja. Akamwita Moraa, akaeleza mipira aliyoizuia kwa godoro la mama yake. Akamwita Nyaboke, akamwambia ainue sketi kidogo watu waone goti lililochanika kipindi cha kwanza, na yeye akacheza mpaka mwisho. Akamwita Bosibori, aliyekuwa akichuma kikapu kizima kila asubuhi kabla ya kuja mazoezi, kisha kukimbilia darasani. Wote, hata wa akiba ambao hawakugusa mpira. Akasema, "Hawa walifika mahali ambapo sisi sote hapa hatukuwahi kufikisha mtoto. Walishindwa kwa bao moja, na nimeona watu wazima wakiwapita njiani bila kuwaambia poleni."

Halafu akaniita mimi. Nikaweka kikapu chini, nikaenda.

"Huyu ni Kemunto. Aliweka mguu. Ni kosa, na mwamuzi alipiga filimbi sawasawa, tusimwite mwizi. Kosa hilo nitalirekebisha mimi kwenye mazoezi, ni kazi yangu. Lakini hakuuza kitu. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekimbia kurudi wengine walipobaki wakitazama."

Mzee Ombati akavua kofia yake, akaikunjakunja mkononi. "Mwalimu," akasema, "sisi hatukuelezwa hivyo."

"Hamkuuliza," akajibu.

Ombati akatikisa kichwa. Kisha akaniambia, mbele ya watu wote, "Pole, mwanangu. Mmejitahidi." Akaanza kupiga makofi, mtu mmoja tu kwanza, ikawa kama mchezo, halafu akina mama wakajibu kwa vigelegele, na Moraa akalia kwa sauti mpaka tukacheka. Mamangu alisimama nyuma ya kikapu chake akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Jambo lililonigusa si makofi. Ni kwamba Mwalimu alisema kosa langu wazi, mbele ya watu, na halikuniua. Alilisema kwa ukubwa wake, bila kulipunguza wala kulinenepesha. Nikaona kwamba naweza kulibeba. Yale ya kuongezewa ndiyo sikuweza kuyabeba.

Nilipofika nyumbani nililitoa gongo chini ya kitanda, nikampelekea Tata. Nikamwambia yote niliyotunga. Alilishika lile gongo, akaligeuzageuza. Alikuwa mzee wa kanisa, na nilijua amekwisha kuyarudia maneno yangu kwa watu kadhaa. Mwishowe akasema, "Basi tutakwenda na hilo gongo mpaka kule polisi, wote waone." Nyakundi alikuwa kitandani kwake, mkono umefungwa plasta, akasikia kila neno. Sikuthubutu kumtazama.

"Sema ulivyoona," Nyakundi akaniambia. "Nilikuwa nalo kweli. Ningelitupa kabla ya kukimbia. Sikufikiria."

Ijumaa nikaandikisha taarifa. Nilisema ndugu yangu alikuwa na gongo juu ya bega. Nilisema alikuwa anakuja kwangu, si kwa mwamuzi, lakini kwamba mtu asiyejua asingeweza kutambua. Nilisema rungu lilipiga mara moja tu na hakuna aliyecheka. Nilisema pia kwamba sikumsikia askari akimwambia asimame, na kwamba baada ya kumpiga hakumsaidia. Yule aliyekuwa akiandika aliinua kichwa hapo, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Kisha nikaweka sahihi.

Baadaye tulikuja kujua kwamba Odhiambo mwenyewe alikuwa ameandika hivyo hivyo: hakumwambia asimame, na hakumsaidia. Hakufukuzwa. Alipewa onyo na kuhamishwa. Wako waliosema ni kidogo mno, na wako waliosema ni kingi. Mimi sikuwa na uhakika, na leo bado sina.

Kabla ya kuhama alikuja nyumbani kwetu. Ilikuwa mchana, amevaa shati la kawaida, na mkewe nyuma yake. Tata alimkaribisha ndani. Hakukaa.

"Nimefikiria nilete nini," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "nikaona hakuna kitu cha kuleta." Akamgeukia Nyakundi. "Nilikuona na gongo. Nikamwona yule mzee nyuma yangu. Nikapiga. Tangu siku ile nairudia hatua moja ile, naona ningeweza kukushika shati. Siku ile sikuliona shati. Niliona gongo tu. Na ulipoanguka, niliogopa nilichokifanya, nikashindwa kuinama. Hilo la kuinama halikuwa na haraka yoyote. Hilo ni langu."

Mama alikuwa mlangoni akishika birika, hajui amimine au arudi jikoni.

"Mimi sijui kama nimekusamehe," ndugu yangu akasema mwishowe. "Nikisema nimesamehe leo nitakuwa nakudanganya. Lakini umekuja. Keti chini, afande, unywe chai."

Akaketi. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimtazama nikaona ni kijana kabisa, pengine miaka minne mitano juu yangu, na mimi kwa siku nne nilikuwa nimemfanya jitu.

Mkono wa Nyakundi uliunga, ukapinda kidogo. Vidole viwili havikurudi vizuri. Alijifunza upya kushika patasi, polepole, kwa karibu miaka miwili, na kazi yake haikuwa tena na ule wepesi wa kwanza. Hilo usilisahau ninapokwambia haya. Sekunde moja ya yule askari, ndugu yangu aliishi nayo maisha yake yote. Alimsamehe Odhiambo baadaye, mwaka aliponunua patasi zake mwenyewe. Aliniambia tukiwa tunapalilia, kama mtu anayetaja kwamba mvua imekatika.

Nimekueleza haya yote kwa sababu wiki jana nilikuona na wenzako hapa uani mmeinamia simu. Ilikuwa video fupi ya askari mjini, akimvuta mtu kutoka kwenye bodaboda. Haikufika hata nusu dakika, na kabla haijaisha mmoja alisema "huyo ni shujaa", mwingine akasema "huyo ni muuaji", na nyote mkaituma kwa watu. Na juzi nikawasikia mkiwacheka wasichana wa magongo wa hapa tunapoishi, Nyacheki, walioshindwa kwenye mchujo, kwamba walikwenda kuaibika tu. Nilinyamaza, nikasema nitafute siku ya kuongea nawe bila hasira.

Basi sikiliza, mwanangu. Mtu aliyeamua jambo kwa kufumba na kufumbua, wewe usimhukumu kwa kufumba na kufumbua. Yeye hakuwa na muda, wewe unao. Uliza alikuwa amesimama wapi, aliona nini, nyuma yake kulikuwa na nani. Uliza pia alifanya nini baada ya pale, alipokuwa na muda, kwa sababu hapo ndipo mtu hujionyesha. Akiwa na kosa, liseme, hata kama ana bunduki na wewe huna kitu. Waliopigwa na kuuawa bila sababu katika nchi hii ni watoto wa watu, na anayekwambia unyamaze ili askari wasiudhike hakupendi. Ila lisemwe kosa lenyewe, kwa kipimo chake, na mtu asiongezewe kwa ajili ya kabila lake au sare yake au uchungu wako wewe.

Na wale wasichana nenda ukawaone. Wanafanya mazoezi siku za Jumapili asubuhi. Usiwaambie wangefanya hivi au vile. Waambie poleni, mmejitahidi, kisha uwaulize ilikuwaje. Utashangaa jinsi mtu anavyofunguka akiulizwa hivyo.

Mungu akupe moyo usio na pupa na ulimi usiotia chumvi. Akulinde na mkono wa mtu mwenye hofu, na akuzuie wewe usiwe huyo mwenye hofu. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akuletee mbele yako mtu atakayevua viatu, aingie mstarini kwako, achume nawe kwanza, ndipo akuulize.